Mtungi wa Bi Mwavita

Kabla Mratibu hajamaliza kuuliza, benchi zima lilikuwa limeshaanza kucheka.

"Bi Mwavita Pazi," ilisema sauti ya mashine hiyo kutoka darini, tulivu kama kawaida yake, "unampa Mzee Gervas Mlekwa kiasi gani cha Lugha ya Alama?"

Bi Mwavita alikuwa ameegemea kiti chake kirefu, kilemba cha nyaya kimemkaa juu ya mtandio. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na ndoa. Mume alikwisha kufa, lakini utani na Wanyamwezi ulikuwa haujapungua hata kidogo.

"Mpe mtungi mzima!" alisema. "Hawa ni wapagazi tangu enzi za pembe za ndovu. Acha abebe!"

"Mzaramo akikupa kitu bure," alijibu Mzee Mlekwa kutoka kiti cha pili, "kinuse kwanza."

"Kitanuka kikishaingia kichwani mwako."

Mzee Shija, mwenzao wa benchi, alicheka hadi akakohoa.

Kila mwanafunzi wa Chuo cha Wastaafu alivijua vipimo vitatu. Kulikuwa na kijiko, kikombe na mtungi. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba kichwa cha mzee hakizibi, kama watu walivyodhani. Kinachochelewa ni kuganda kwa jambo jipya. Basi wakatafuta njia ya kulegeza jambo lililokwisha kuganda katika kichwa kimoja, kulinakili, na kulipanda katika kichwa cha mwingine akiwa usingizini kwa muda mfupi. Shida ilikuwa katika huko kulegeza. Aliyetoa kijiko alirudiwa na kitu chake baada ya siku mbili tatu za mazoezi. Aliyetoa kikombe alihangaika mwezi mzima. Aliyetoa mtungi hakurudiwa. Mtungi uliwekwa kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wanaaga dunia na hawakutaka kuondoka na ufundi wao.

Ndiyo maana Mratibu aliuliza mara mbili, na ndiyo maana alipima sauti. Wazee wengi mikono ilikuwa inatetemeka, wengine macho yamefifia, kwa hiyo ridhaa ilitolewa kwa mdomo. Mashine ilifundishwa kuitambua hofu, kusitasita na sauti ya mtu aliyeshurutishwa. Hakuna aliyekumbuka kuifundisha utani.

"Nimesikia mtungi," ilisema. "Sauti ina furaha, haina hofu. Tafadhali thibitisha."

"Mtungi, na kata yake juu!" alisema Bi Mwavita, akafumba macho huku tabasamu halijamtoka.

Mzee Mlekwa aligeuza kichwa. Mwalimu Swai alikuwa chumba cha pili akimfunga mtu kilemba. Shija alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Hakuna aliyedhani kuna neno lolote zito lililosemwa.

"Mzee Mlekwa, unapokea?"

Neno la kukataa lilikuwa moja tu, "simama", na mpokeaji aliruhusiwa kulisema wakati wowote. Mzee Mlekwa alilijua. Alikuwa stesheni masta kwa miaka mingi kabla treni hazijaanza kujiendesha zenyewe, na neno hilo alikuwa amelisema maishani mwake mara nyingi kuliko jina lake. Alikuwa amesoma madarasa ya jioni akiwa na watoto wanne, akafika kidato cha nne kwa taa ya stesheni. Sasa alikuwa amekwisha kufaulu masomo sita ya Chuo. Hakuna mstaafu wa Tabora aliyewahi kuyamaliza yote saba. Lilikuwa limebaki hili moja, ambalo vidole vyake vikavu vilikuwa vimelikataa mara mbili, na mtihani ulikuwa Jumamosi. Wanawe walikuwa wamekata tiketi za kuja kumwona akivishwa joho.

Alijiambia kwamba Bi Mwavita atajirekebisha mwenyewe. Alijiambia kwamba mashine si mjinga. Hayo yote aliyasema moyoni upesi upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anakodaiwa.

"Napokea," alisema.

*

Asubuhi yake aliamka mikono ikiwa inazungumza.

Alikuwa ananyoa ndevu. Wembe ulianguka ndani ya beseni, na vidole, badala ya kuufuata, vikasema *maji moto*. Akaviangalia. Akajaribu *stesheni*, *mjukuu*, *mvua ya jana*. Vyote vilitoka bila kutafutwa, laini kama uzi unaotoka kwenye kijiti chake. Alicheka peke yake mbele ya kioo kwa raha. Kisha mkono wa kulia ukapanda wenyewe, ukaligusa sikio, ukashuka hadi moyoni ukiwa umefumbwa.

Hakuwahi kufundishwa alama hiyo. Haikuwamo katika somo. Lakini aliijua: ilikuwa jina la mtu. Ilikuwa Sikudhani, binti wa Bi Mwavita, aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajajua kuita mama.

Mzee Mlekwa alikaa juu ya kitanda, povu likimkauka mashavuni. Kijiko hakileti majina ya watoto wa watu.

Jioni hiyo, katika mazoezi, Mwalimu Swai alimsimamisha mbele akamuuliza maswali kwa mikono, akajibiwa yote.

"Mzee, umefanyaje?"

"Nimejitahidi, Mwalimu."

Benchi lilipiga makofi. Kiti cha Bi Mwavita kilikuwa kitupu. Shija alisema labda ana mafua, na Mzee Mlekwa akasema ndiyo, mafua yamezidi msimu huu.

*

Siku iliyofuata Sikudhani alikuja mwenyewe Chuoni.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, fundi wa betri, mikono ina madoa meusi ya kazi. Alisimama getini akisema na mlinzi kwa alama. Mlinzi alikuwa anamjibu kwa kupaza sauti, kama kawaida ya watu.

"Mama, sikuelewi! Nani unamtaka? NANI?"

Mzee Mlekwa angeweza kupita mlango wa nyuma. Lakini macho yake yalikwisha kuisoma mikono ile, na mtu hawezi kujiziba asielewe anachokielewa.

Sikudhani alikuwa anasema: *Namtafuta mtu yeyote wa darasa la mama yangu. Mama amenichoka?*

Mzee Mlekwa alisogea. Akamwamkia kwa mikono. Uso wa yule mwanamke ulifunguka.

*Afadhali,* alisema. *Wewe unasikia mikono. Niambie, huku darasani kumetokea nini? Tangu juzi mama hasemi nami. Ananionyesha sufuria kwa kidole. Ananionyesha maji kwa kidole. Kama zamani, nilipokuwa mtoto. Jana nimemsimulia habari ndefu ya mteja aliyeniletea betri ya mwanasesere, akaitikia kwa kichwa pale pasipostahili kuitikia. Nimemkosea nini?*

Mzee Mlekwa alielewa yote. Alielewa hata mzunguko mdogo wa mkono wa kushoto ambao Sikudhani aliutumia kila alipotania, maana mama yake alikuwa ameuzoea, na mazoea hayo sasa yalikuwa ndani yake yeye.

*Hujamkosea kitu,* alijibu. *Sikudhani, mama yako anakupenda.*

Mikono ya yule mwanamke ilisimama hewani.

*Jina hilo,* alisema polepole. *Nani kakupa jina hilo?*

Mzee Mlekwa aliutazama mkono wake mwenyewe, bado umefumbwa juu ya moyo.

*Jina hilo ni la mama,* alisema Sikudhani. *Alinipa mwaka huu. Tulikuwa jikoni, mimi na yeye tu. Hata mume wangu ananiita kwa lake.*

*Tumesoma pamoja,* alisema Mzee Mlekwa. *Nilimwona akilitumia.*

Uongo kwa mdomo alikuwa ameuzoea kiasi, kama watu wote. Kusema uongo kwa mikono ya mama wa mtu, mbele ya mtoto wake, hakukujua hadi siku hiyo. Sikudhani alimtazama mikononi, si usoni. Kisha akaondoka bila kuaga.

*

Mzee Mlekwa alimkuta Bi Mwavita uani kwake akichambua mchele kwenye ungo.

"Hodi hapa."

"Karibu, mpagazi. Mzigo haujakuvunja shingo?"

"Mwavita, nimekuja tuzungumze."

"Loo! Leo hata Bi hakuna. Basi kuna msiba. Kaa."

Alikaa kwenye kigoda. Bi Mwavita aliendelea kuchambua. Vidole vilikuwa vyepesi kwenye mchele kama zamani.

"Niliamka na kichwa chepesi," alisema mama yule. "Nikadhani ni presha. Mtoto akaja, akaanza kusema, nami naona mikono tu. Mikono inapanda, inashuka. Ndipo nikakumbuka mashine ilivyouliza." Akatupa chuya pembeni. "Hebu niambie. Ulidhani nasema kweli?"

Mzee Mlekwa aliushika ukingo wa kigoda.

"Mambo yalikwenda haraka," alisema.

"Ndiyo, yalikwenda haraka. Basi ni ujinga wa mashine. Sisi hatuna kosa."

"Kamwambie Mwalimu. Sema ulikuwa unatania, irudishwe."

"Nimempigia. Kasema nimethibitisha mara mbili, na sauti ilikuwa ya furaha. Ya furaha! Nilie ndipo niaminiwe?" Alitikisa ungo. "Tena hata ningeweza, sidai. Kwenye matanga ya marehemu wangu ulikamata jogoo wangu mbele ya watu, ukaenda naye. Nilidai? Nilicheka, siku ambayo hakuna kingine kilichonichekesha. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Nikidai leo, utani umekwisha, nimekuwa mdai tu kama mwenye duka."

"Na Sikudhani?"

Ungo ulitulia mapajani.

"Miaka yote hiyo nilijua mwanangu ana njaa, nilijua ana usingizi, ana homa. Zaidi ya hapo nilikuwa nakisia. Mwaka huu nikajifunza, nikagundua ni mtu wa mzaha. Ana maneno huyo! Kunishinda mimi. Nilimzaa mimi, nikamjua nikiwa na sabini na moja." Akaokota chuya nyingine. "Nitaanza upya. Daktari kasema pale mahali pamelegea, kitu hakishiki tena, lakini nitaanza. Wewe nenda kafanye mtihani wako. Angalau mmoja wetu avae hilo joho."

Alimsindikiza hadi mlangoni, akamwita mpagazi mara mbili njiani.

*

"Njia ipo," alisema Mwalimu Swai. "Moja."

Walikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na alikuwa amemwachia Mzee Mlekwa kiti chake mwenyewe kwa sababu ya umri. Hilo nalo lilimchoma.

"Mtoaji akithibitisha hawezi kubatilisha. Sheria iliwekwa hivyo kwa sababu kuna walioanza kuuza vichwa vyao, kisha wakaja kulalamika. Lakini mpokeaji anaweza kutamka kwamba alijua mtoaji hakukusudia. Anatamka mbele ya benchi lile lile lililosikia, Mratibu akipima sauti yake. Ikionekana ni kweli, kitu kinarudishwa. Pale palipolegea panashika kitu chake chenyewe, hata kama hapashiki kipya. Ila Mzee, vitu viwili. Kikitoka kitang'oa na ulichojifunza mwenyewe katika somo hilo, vimeshafumwa pamoja. Na kilemba hutavaa tena. Hapa wala chuo kingine."

"Nikifanya mtihani kwanza, Jumamosi asubuhi, kisha nikatamka mchana?"

Mwalimu Swai alitikisa kichwa.

"Mtihani ndio unaogandisha, Mzee. Ukishatahiniwa, ni chako."

"Nilikuwa nauliza tu."

"Ndiyo, Mzee."

Mwalimu hakuwa amemtazama vibaya. Alikuwa ameinamisha macho tu, kama mtoto aliyemkuta baba yake amevaa nusu. Mzee Mlekwa alitoka akiwa na joto shingoni, akapita kwenye ubao wa matangazo ambako jina lake lilikuwa tayari limeandikwa kwa herufi kubwa, akaona aibu hata ya zile herufi.

*

Jumamosi benchi lilikaa kwenye viti vyake. Mwalimu alikuwa amemwita Bi Mwavita, naye alikuja akidhani anakuja kujiondoa rasmi. Sikudhani alibaki nje, kwenye korido, akimsubiri.

Mzee Mlekwa alisimama kabla mtihani haujaanza. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi usiku, kola imesimama.

"Ndugu zangu," alisema, "siku ile kulitokea kutoelewana."

"Maelezo hayajitoshelezi," ilisema sauti ya darini. "Je, ulijua kwamba mtoaji hakukusudia?"

"Palikuwa na kelele. Kila mtu alikuwa anacheka, na mimi..."

"Maelezo hayajitoshelezi."

Shija alipiga paja. "We Mlekwa, kaa chini! Kesi gani hiyo? Mzaramo kasema chukua, Mnyamwezi kachukua. Babu zetu hawakuwa na mahakama ya watani!"

Watu wakacheka, na Bi Mwavita akacheka nao. "Mwacheni," alisema. "Mzigo umempanda kichwani, maskini."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa na watu waliompenda. Alichotakiwa ni kucheka. Angecheka, angekaa, angetahiniwa, na hakuna mtu hata mmoja mle ndani ambaye angemfikiria vibaya, akiwamo yule aliyeibiwa. Mzee Mlekwa alihisi kicheko kikimpanda kooni, tayari kabisa. Kilimtisha kwa jinsi kilivyokuwa tayari.

"Nilijua," alisema.

Kicheko kilikatika upande mmoja wa benchi, kikachelewa upande wa pili.

"Ulijua wakati gani?" iliuliza mashine.

"Kabla hajamaliza kusema."

"Je, ulijua neno la kusimamisha?"

"Nililijua."

"Kwa nini hukulisema?"

Swali hilo halikuwa la lazima, Mwalimu alikuwa amemwambia. Mratibu huliuliza pale sauti inapotetemeka, ili kupima kama mtu hakushurutishwa. Mzee Mlekwa alitafuta jibu la mtu aliyesoma. Alikuwa na maneno mengi mazuri, aliyoyakusanya kwa miaka kutoka kwenye kamusi yake. Hakuna hata moja lililofaa.

"Nilitaka joho," alisema.

Hakuna aliyecheka. Shija alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Mlekwa hakuthubutu kutazama kiti cha Bi Mwavita, lakini alisikia nguo zikichakarika mwanamke huyo alipogeuka kumtazama.

"Nimesikia," ilisema sauti. "Sauti ina aibu, haina shuruti. Marejesho yanaruhusiwa."

*

Aliamka mikono ikiwa mizito, imelala juu ya mapaja kama glavu alizoazimwa. Akajaribu *maji*. Vidole vilijikunja tu. Kiti cha jirani kilikuwa kitupu.

Alitoka koridoni akijishika ukutani. Walikuwa pale dirishani, mama na binti, wamesimama karibu hadi mikono inagongana. Bi Mwavita alikuwa anakosea. Ilionekana kwa jinsi Sikudhani alivyomshika vidole, akavipanga, akaviachia. Halafu mama akasema kitu kirefu, bila kusita, na Sikudhani akaangua kicheko, sauti nene isiyopimwa ya mtu ambaye hajawahi kujisikia akicheka. Ikajaa korido nzima.

Mzee Mlekwa alikusudia kupita kimya. Sikudhani alimwona. Akaacha kucheka, akamgeukia, akaanza kumwambia jambo kwa mikono. Lilikuwa refu. Mikono ilikata hewa, ikatulia, ikakata tena. Wakati fulani ilimwonyesha mama, kisha ikamwonyesha yeye kifuani. Ilipoisha, yule mwanamke akasimama akingoja ajibiwe.

Huenda lilikuwa tusi. Huenda lilikuwa shukrani. Alimtazama usoni akitafuta, uso haukumpa kitu.

"Bi Mwavita," alisema. "Amesema nini?"

Bi Mwavita aliitazama mikono ya mzee.

"Kajifunze," alisema.

Akamshika binti yake mkono, wakaenda. Mzee Mlekwa alibaki palepale akisikiliza viatu vyao kwenye ngazi, akimngojea Bi Mwavita ageuke, amwite mpagazi, amwambie neno lolote la kumdhalilisha mbele ya watu. Hakugeuka.